Tarishi Aliyefunzwa Msibani

Wiki ile Tarishi alipowashwa kwa mara ya kwanza, Jotoni kulikuwa na msiba. Mkuu wa kwanza wa kituo, Mngoni mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa amefariki, na mafundi wa kufunga mtambo walikuwa wameshafika kutoka mjini na masanduku yao. Waliulizwa kama wangesubiri matanga yaishe. Wakasema hapana haja, kufunga mtambo na kuzika havigombani. Wenyeji wakaona ni kweli, wakawapa chai na maandazi, kila mtu akaendelea na lake. Laiti vingegombana siku ile.

Jotoni ni mji uliojengwa juu ya ufa wa dunia, huko kusini, kwa ajili ya joto lililo chini yake. Watu hushuka kwa matundu hadi matumboni mwa mwamba, hukaa huko mwezi mzima wakiongoza mvuke kwenye mabomba, na mvuke huo ndio unaowasha taa za nusu ya nchi. Redio haipenyi mwamba ule. Kinachopenya ni uzi mmoja tu, watu wanauita mshipa, na kwa jinsi kulivyo na moto, mshipa hupitisha maneno machache kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ilibidi awepo wa kusimama mlangoni na kusema: wewe pita, wewe ngoja. Huyo ndiye Tarishi.

Miji mingine yenye mitambo ya namna hiyo huipa amri kavu: moto kwanza, maji yafuate, salamu mwisho. Waliomtengeneza Tarishi walijivunia kwamba wao hawahitaji amri. Mpeni wiki moja ya kuwasikiliza watu, walisema, atajua nani ni nani kwa nani, na kilio cha nani ni kizito. Wakamfungulia masikio. Na wiki hiyo Wahehe wa Jotoni walikuwa kwenye kazi yao ya utani, kama ilivyo ada Mngoni anapofiwa. Walilala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo. Walilia vilio vya uongo mpaka kamasi zikawatoka za kweli. Walijaza mshipa kwa ujumbe: nakufa, jamani, nakufa kwa njaa huku msibani, njooni mnizike na mimi. Wangoni walioitwa walicheka, wakajibu mapigo, na hakuna aliyenyanyua mguu. Tarishi alisikiliza yote hayo akayashika: mtani akisema anakufa, hafi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huyu alifunzwa na matanga. Wiki ilipokwisha mafundi walipewa mbuzi wa kuagia, wakaenda zao.

*

Skolastika Kihwele aliligundua jambo hilo mwaka wa sita, asubuhi, akiwa amesimama mbele ya kioo cha Tarishi huku chai ikimpolea mkononi. Alikuwa fundi wa mawasiliano, Mhehe wa Kilolo, mwanamke mwenye ulimi usiokaa mdomoni. Asubuhi hiyo ulimi ulikaa.

Alikuwa ametumwa kutafuta jibu la jambo dogo. Mshale wa presha wa tundu la nne ulikuwa umeanguka, na watu tisa walioko chini hawakuwa wametuma neno. Injinia Rutashobya, mkuu wa zamu, aliona ajabu watu hao kukaa kimya.

"Hebu wachungulie kwenye foleni," alimwambia. "Wangoni hawa hawanyamazi hata wakilala."

Hawakuwa wamenyamaza. Ujumbe wao ulikuwa umelala chini kabisa ya rundo. Kioo huonyesha jina la mtumaji, jina la mpokeaji, uzito, na maneno machache ya mwanzo. Yaliyobaki hufungwa mpaka yamfikie mwenyewe. Uzito ni wa aina tatu. Jiwe hupita papo hapo. Kokoto hungoja nafasi. Unyoya hukaa mpaka mshipa ukose kazi kabisa, na mshipa wa Jotoni haujawahi kukosa kazi.

Kastori Nditi, kwa chumba cha uangalizi: *Moshi umejaa huku, tunakufa, fungeni bomba la...* Unyoya.

Kastori Nditi, kwa chumba cha uangalizi: *Wahehe, mnatukausha kama samaki, fungeni...* Unyoya.

Kikombe kilimtoka Skolastika mkononi. "Injinia! Bomba la tundu la nne! Lifungwe sasa hivi!"

Rutashobya hakuuliza sababu. Alikuwa Mhaya mtaratibu, mtu wa kupenda kila jambo lije na karatasi yake, lakini sauti ile ilimtosha. Bomba likafungwa na moshi ukakatika. Ila milango ya joto kule chini ilikuwa imeshajifunga yenyewe, kama ilivyotengenezwa, na isingefunguka mpaka mwamba upoe, pengine kesho yake. Watu tisa walikuwa nyuma ya milango hiyo, hai, na hawakuwa na njia nyingine ya kusema na watu wa juu isipokuwa mshipa.

"Waandikie wewe," Skolastika alimwambia. "Mimi nikiwaandikia Tarishi ataona nachekesha."

Rutashobya aliandika kwa jina lake: mko wangapi, mnapumuaje. Ujumbe ulishuka kwa uzito wa jiwe. Jibu likarudi, wakaliona linaingia kwenye kioo, likasimama kidogo, kisha likateremka mpaka chini ya rundo. *Tuko tisa, Injinia, lakini hewa ya huku...* Unyoya.

"Lakini ameniandikia mimi!" Rutashobya alisema. "Mimi ni mtani wa nani hapa?"

"Tarishi hampimi anayeliliwa peke yake, Injinia. Anampima na anayelia. Kastori ametania kwenye mshipa huu miaka yote. Matusi yake hupita kama kokoto, lakini kwa Tarishi Mngoni akilia kifo ni mzaha tu, amlilie Mhehe au amlilie askofu."

"Mzaha mzaha..." Rutashobya alianza, kisha akaiacha methali hapo hapo.

Skolastika hakuwa akimsikiliza tena. Wazo lilikuwa limemjia, wazo baya, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kulishusha rundo, wiki kwa wiki, kwenda chini.

Alikuwa anamtafuta Osmundi Gama. Osmundi alikuwa mtani wake wa kwanza Jotoni. Siku Skolastika alipofika na begi lake, Osmundi alimzuia getini akamdai kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kwa kuwa babu zake waliwapiga babu zake Skolastika. Skolastika akamjibu kwamba babu zake Osmundi bado wanakimbia, wakishageuka kutazama nyuma ndipo waje wadai. Tangu hapo hawakukosa siku ya kutukanana. Wiki tano zilizopita Osmundi alikufa kwenye tundu la pili pamoja na vijana wawili waliochomwa na mvuke. Ripoti ya Rutashobya ilisema fundi Gama alisinzia, akaiacha valvu, na hakumwita mtu yeyote. Mwili wake ulikuwa bado huko, nyuma ya mlango ambao haujapoa, kwa kuwa huko mvuke ulivuja siku nyingi kabla ya kukatika. Na sokoni watu walikuwa wameshaanza kumwita mjane wake mke wa yule aliyesinzia.

Alimkuta.

Osmundi Gama, kwa Skolastika Kihwele: *Wewe mnywa ulanzi, valvu imekwama, fungeni ya juu...* Unyoya.

Osmundi Gama, kwa Skolastika Kihwele: *Skola, mbona kimya, mvuke unatoka kwa...* Unyoya.

Osmundi Gama, kwa Skolastika Kihwele: *Vijana wameungua, siwaachi, nimeishika kwa mikono...* Unyoya.

Osmundi Gama, kwa Skolastika Kihwele: *Skola, sitanii.* Unyoya, na chini ya unyoya wote, kwa sababu katika wiki ile ya matanga hakuna mtani aliyepiga uongo bila kuanza na neno hilo.

Skolastika aliketi sakafuni juu ya chai yake. Siku ile alikuwa zamu. Alikuwa chumba cha pili tu kutoka hapo, anakula hindi la kuchoma, na alikumbuka kabisa kwamba alijiuliza mbona leo Osmundi hajamtukana. Aliona aibu, ingawa hakuwa amekosa kitu, na aibu ya namna hiyo haina pa kupelekwa.

*

"Futa," Rutashobya alisema.

"Na hizi?"

"Futa zote, Skolastika. Rudisha mtambo mpaka sakafu, uanze upya. Kuna njia nyingine?"

Haikuwepo. Miaka miwili nyuma, ujumbe ulipokuwa ukichelewa bila kujulikana kwa nini, waliwahi kujaribu nusu nusu: walifuta mipangilio, wakaliacha rundo la ujumbe kama lilivyo, ili watu wasipoteze salamu zao. Tarishi aliamka, akalisoma rundo lake mwenyewe kuanzia juu hadi chini, na kabla jua halijazama alikuwa amerudia tabia ile ile. Rundo ndilo lililokuwa shule yake. Ukitaka aanze upya kweli, ufute mipangilio, ufute anachojua kuhusu watu, ufute rundo, ufute mpaka jina lake.

"Nizivute za Osmundi kwanza," Skolastika alisema. "Ni zangu, kaniandikia mimi. Nikizivuta zitafunguka, nitakuwa nazo."

"Zitachukua muda gani?"

"Unyoya hauchaguliwi, huvutwa mmoja mmoja kutoka juu. Za Osmundi ziko chini." Alilitazama rundo. "Mpaka kesho."

"Na mshipa utakuwaje muda huo?"

Mshipa ungekuwa umeshikwa, hakuna neno ambalo lingepanda wala kushuka, na wote wawili walilijua hilo. Kupiga picha kioo pia hakukuwezekana. Simu huachwa kwenye kisanduku nje ya mlango. Simu iliyo hai ikiingia chumba kile mtambo hujizima, na hauwaki tena mpaka waje watu wa mjini.

"Injinia, wanasema alisinzia," Skolastika alisema. "Wewe umeandika alisinzia. Gaudensia hapiti sokoni bila kusemwa. Na hao wazazi wa wale vijana, unajua wanamwombea nini marehemu? Ushahidi wote uliopo duniani kwamba yule mtu alikufa ameshika valvu ndio huu hapa. Na unaniambia niufute kwa mkono wangu."

"Nakuambia kuna watu tisa."

Kioo kilipokea ujumbe mwingine. *Hewa inapungua, kama mnatusikia...* Wakautazama unateremka.

"Umeona lakini," Skolastika alisema. "Umesoma pamoja nami."

"Nimesoma."

"Utasema?"

"Tuwatoe hawa kwanza. Hayo mengine tutayasema." Na tumpe haki yake: alipotamka maneno hayo alikuwa anayaamini. Rutashobya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi.

Skolastika alinyanyuka. Alisoma mistari ile minne tena, midomo ikicheza, kama mtoto anayekariri kwaya, mpaka akawa na hakika kwamba imekaa. Kisha akaingiza namba ya siri. Alisimamisha kazi ya mtambo. Alifuta mipangilio. Alifuta yale aliyoyajua Tarishi kuhusu watu, na ndani ya nukta moja mji mzima ukawa haujuani tena, mke na mume, baba na mwana, mtani na mtani. Lilibaki rundo. Mtambo uliuliza kama ana uhakika, kwa kuwa vitakavyofutwa havitarudi.

Alimfikiria Osmundi amesimama pale anaishika valvu ya moto, anaamini kwamba juu kuna mtu anasoma. Alifikiria kwamba sasa anamnyamazisha mara ya pili, na mara hii siyo mashine, ni yeye. Hakulia. Alibonyeza.

Majina yalianza kutoweka kutoka juu. Ilimbidi asimame ayatazame, kwa kuwa ya Osmundi yalikuwa ya mwisho mwisho, na aliona kugeuza uso kungekuwa ufedhuli. Yakafika, yakapita. Kioo kikabaki cheupe.

Mtambo ukauliza jina lake. Akaandika Tarishi, kwa kukosa jingine. Ukauliza: niwasikilize watu, au nipewe amri? Akaandika amri. Moto kwanza, hewa, maji, majeruhi, salamu mwisho. Ukauliza: kuna watani?

Skolastika alimtazama Rutashobya.

"Andika hapana," Rutashobya alisema.

Aliandika hapana. Haukupita muda ujumbe wa Kastori ukaja kwa uzito wa jiwe, wazi wote kuanzia mwanzo hadi mwisho: wako kona ya kushoto, hewa inawaishia, wafunguliwe bomba dogo la upepo. Likafunguliwa. Kesho yake watu tisa walipanda weusi kama masizi ya sufuria, wakikohoa na kukumbatiana, na mke wa Kastori alimpiga mumewe ngumi kifuani kwa furaha. Skolastika naye alifurahi. Angekuwa mtu wa ajabu kama asingefurahi. Lakini alipokuwa akisalimiana nao aliona tayari machela nyingine inapita pembeni, imefunikwa turubai, kwa sababu mlango wa tundu la pili nao ulikuwa umepoa.

*

Jumatatu tangazo lilibandikwa: utani ni marufuku kwenye mshipa. Watu walitii, maana waliogopa. Kastori alishuka tena zamu, na ujumbe wake ulikuja hivi: Bomba la tatu ni salama, asante. Skolastika aliusoma mara mbili. Ilikuwa kama kuandikiwa na benki. Chumba cha uangalizi, ambacho zamani hakikupitisha saa bila mtu kucheka peke yake, kilikuwa kimya hadi ukasikia feni.

Alimfuata Rutashobya ofisini.

"Shikamoo, Injinia. Maziko ni Jumamosi."

"Marahaba. Najua."

"Ripoti umeirekebisha?"

Rutashobya alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Niirekebishe niseme nini? Kwamba niliona kitu ambacho hakipo, na kwamba mimi ndiye niliyeamuru kisiwepo? Makao makuu watataka ushahidi."

"Ushahidi ni mimi na wewe."

"Wewe ni mtani wake, Skolastika. Nani atapokea ushahidi wa mtani?"

"Basi uko wewe."

"Mimi nina miezi michache nistaafu," alisema kwa sauti ndogo, na Skolastika akaona kwamba mtu huyu anajionea aibu, na kwamba aibu hiyo haitamfikisha popote.

*

Jumamosi watu walijaa makaburini. Kwa kweli wengine hawakuja kwa mapenzi ya marehemu. Walikuja kwa sababu palikuwa mahali pekee palipobaki pa kutania, na mji ulikuwa na njaa ya kucheka. Wahehe walikuja wamejifunga matambara, mmoja amebeba godoro. "Tumeleta la kulalia!" alipiga kelele. "Tunasikia marehemu alikuwa mpenzi wa usingizi!" Watu waliangua kicheko. Gaudensia, mjane, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, amejitanda kanga hadi machoni. Kwa ada, mjane hajibizani na watani. Huketi, akaliliwa.

Padri alipomaliza sala yake ya kwanza, Skolastika alivua viatu akarukia kaburini. Alijilaza chali, mikono kifuani. Shangwe zilipanda. Mtani akishaingia kaburini hakuna wa kumwondoa, si padri, si polisi, si mkuu wa kituo, na hakuna neno atakalosema akanuniwa. Skolastika alikuwa ameliwaza hilo wiki nzima. Hana karatasi, hana picha, hana kitu. Ana haki ya mtani ya kusema lolote. Kwa hesabu yake ilitosha.

Kastori alichuchumaa ukingoni na jogoo kwapani. "Haya, mwanamke wa Kilolo, toka. Tuna mtu wa kumlaza hapo."

"Sitaki jogoo," Skolastika alisema. "Nataka kusikilizwa. Huyu ndugu yenu hakusinzia."

Kicheko kikamfikia kule chini kama mchanga.

"Kweli!" mtu alidakia. "Alikuwa anaota yuko macho!"

"Aliniita! Valvu ilikwama akaniita, akaniita tena, ujumbe ukakwama kwa Tarishi. Aliishika kwa mikono yake!"

"Mikono ipi, ile ya kushikia kata ya pombe?"

"Amekufa ameishika! Hakuwaacha wale vijana!"

Walikuwa wanajifuta machozi. Bibi mmoja wa Kingoni aliegemea jirani yake asianguke, akasema huyu Mhehe ana kipaji, hajaona mtani anayejua kukaza uso hivi. Skolastika alikaa kitako ndani ya lile shimo. Neno la kufuata, lile la mwisho la Osmundi, lilikuwa limeshafika ulimini, akalimeza, kwa sababu alijua lina thamani gani. Aliona sura zote zile zimemwinamia, sura za watu wema, wanaompenda, zimejaa meno. Kwa mara ya kwanza alielewa sawasawa Osmundi alikufa akiwa na nini moyoni. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Injinia!" aliita. "Waambie wewe!"

Vichwa viligeuka. Rutashobya alikuwa amesimama upande wa msalaba, na suti yake nyeusi. Alikohoa. Alimtazama padri, akatazama jeneza.

"Mimi ni mgeni wa mila hizi," alisema. "Mambo ya watani siyaingilii."

Watu wakampigia makofi kwa jibu zuri, na kicheko kikarudi. Kastori akamsogeza jogoo. "Basi, Skola, umeshinda, tunakuongezea na kuku jike. Toka."

Hapo Gaudensia alisimama. Wanawake walimshika kanga, akaivuta. Alitembea mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, na wale waliokuwa karibu walinyamaza kwa mshangao tu, kwa kuwa jambo hilo halifanywi.

"Mimi sikucheka," alisema. "Alianzaje?"

Skolastika alimtazama. "Alianza kwa kunitukana, Mama Otmari. Aliniita mnywa ulanzi."

Gaudensia alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia hatua anazozifahamu zikija uani. "Halafu?"

Skolastika akamwambia. Alisema mstari wa kwanza na wa pili, neno kwa neno, bila kupaza sauti, akieleza kila ujumbe ulivyotupwa chini na kwa nini. Kicheko kilikatika kwa waliokuwa mbele, kisha kwa waliokuwa nyuma yao, na huko mwisho kabisa watu wakawa wanaulizana kumetokea nini. Alisema juu ya vijana, kwamba Osmundi aliandika hawaachi. Mama wa kijana mmoja alikuwepo. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Skolastika akasema mstari wa nne. Kastori, ambaye naye aliwahi kulia nyuma ya mlango wa joto asisikiwe, aliachia jogoo bila kujua, na hakuna aliyemkimbilia.

Gaudensia hakunyanyuka. Aligeuza shingo tu, akamtafuta Rutashobya kati ya watu, akampata.

"Injinia," alisema kwa upole, kama anayeuliza njia. "Uliniletea karatasi nyumbani ukaniambia mume wangu alisinzia. Na wewe ni mtani wetu?"

Rutashobya alifungua mdomo. Watu wote walimngoja, na hakuna aliyecheka.